Gir, Gujarat: nenda kaone simba wa India ila akili ya Serengeti iache nyumbani

Sisi tunaosoma Rajkot, mji wa huku huku Gujarat, tulikua tunaisikia tu hifadhi ya Gir, likizo ya Januari tukajichanga tukaenda. Kama ushawahi kuingia Serengeti ukadhani na huku ni uwanda mtupu macho yanafika mbali, sahau. Huu ni msitu mkavu wa mitiki, majani makubwa yamejaa chini rangi ile ile ya simba, unampita kalala hapo pembeni na humuoni.

Kibali kata mapema mtandaoni kwenye tovuti ya serikali ya jimbo na paspoti uibebe maana wanaikagua. Mgeni analipa mara kadhaa ya bei ya Mhindi, kiukweli inauma, alafu gari na mwongozaji ni hela nyingine. Gari linabeba watu sita so jazeni, ukienda mwenyewe utafilisika.

Njia mnapangiwa na dereva haruhusiwi kutoka humo hata asikie simba wako njia ya pili. Masaa matatu hivi. Sisi tulichukua ya asubuhi, gari wazi, baridi aisee nilijifunga shuka la hosteli. Swala wa madoadoa kibao, tausi, alafu kimyaaa mpaka mwenzangu kaanza kusinzia. Mara swala wakaanza kupiga kelele za kushtuka, dereva kazima gari, simba jike akatokea nyuma yetu anatembea barabarani taratibu hana habari na mtu, akapita ubavuni kabisa, ile ngozi inayoning'inia tumboni inacheza huku na huku. Simba wa kwetu wengi hawana hiyo ngozi, na madume ya huku manyoya ya kichwani machache masikio unayaona wazi. Ila kilichoniacha hoi ni mzee mmoja Mmaldhari, wale wafugaji wanaoishi humo humo porini na nyati wao wa maziwa, katokea mbele na pikipiki ina madumu ya maziwa, kapunguza mwendo, kasubiri simba aingie zake vichakani, huyo kaendelea na safari!

Simba wa Asia wa porini dunia nzima wako huku Gujarat tu, sensa ya 2025 walihesabiwa 891, na kuna kipindi walikua karibu kuisha mpaka Nawab (mtawala wa enzi hizo) wa Junagadh akazuia watu kuwawinda.

Devalia ni sehemu ya uzio, unapandishwa basi, simba utawaona kirahisi ila mi niliboeka. Wenye watoto wadogo labda.

Sasan pale, kijiji cha kuingilia hifadhini, utakutana na Masidi, weusi kama sisi, mababu zao walitoka Afrika, mmoja alinimwagia Kigujarati cha kutosha akashangaa namkodolea macho tu. Msosi mkate wa uwele na bilinganya la kuchoma, mtamu na bei poa. Bia sahau, Gujarat pombe marufuku.

16 Juni hadi 15 Oktoba wanafunga kwa ajili ya mvua. Mwezi wa nne na wa tano joto lake sio la kitoto ila ndo mzuri kuona simba, maji yanakua machache wanasogea kwenye mabwawa.