TAHADHARI: Seva za "refabishi" zinazopitishwa kama mpya. Iwashe kabla hujalipa

Wakuu, kuna mtindo umeshamiri wa kuuza seva za raki, hasa Dell PowerEdge na HP ProLiant, kwa tangazo la "mpya, sili haijavunjwa" au "refabishi (yaani iliyotumika ikatengenezwa upya), imekaguliwa, waranti miaka mitatu". Matangazo yanazunguka WhatsApp na Instagram, mengine yanaletwa na mawinga wa Kariakoo ambao hata duka hawana. Wanaowindwa ni SACCOS, shule, zahanati na ofisi zinazonunua seva ya kwanza, ambako mwenye kusaini malipo hajui kadi ya RAID (inayofanya diski kadhaa zifanye kazi kama moja) ni nini.

Tuelewane: seva ya mtumba si kosa. Mashine iliyotoka kwenye kituo cha data chenye kiyoyozi na umeme safi inaweza kukufanyia kazi miaka mingi. Tatizo ni kulipia mpya ukapewa mtumba, au kulipia iliyokaguliwa ukapewa iliyopanguswa vumbi tu.

Anzeni na umri. Kwa Dell, R720 ilitoka 2012, R730 ikatoka 2014, R740 mwaka 2017. Kwa HP, DL380p Gen8 ni ya 2012, DL380 Gen9 ya 2014, Gen10 ya 2017. Anayekwambia R730 "imeshuka juzi kutoka Dubai, mpya kabisa" tayari ameshajichoma. Imeshuka juzi, sawa, lakini haikutengenezwa juzi. Boksi safi lisikudanganye.

Kila Dell ina Service Tag ya herufi na tarakimu saba, ipo kwenye kibao kidogo kinachovutwa upande wa mbele. Mwombe muuzaji aitume kabla hujatoka nyumbani. Iingize kwenye tovuti ya msaada ya Dell, utaona ilisafirishwa lini, ilitoka kiwandani na vifaa gani na waranti yake inaisha lini. HP utahitaji namba mbili, ya mfululizo (serial number) na ya bidhaa. Muuzaji anayekataa kutoa tag kwa kisingizio cha "usalama" mwache hapo hapo. Ukishafika dukani, linganisha tag ya kwenye bati na ile iliyo ndani ya mashine kwa amri hii:

sudo dmidecode -s system-serial-number

Zikitofautiana, ubao mama umebadilishwa au seva imeunganishwa kutoka mashine mbili. Hapo ahadi ya "waranti ya Dell" haina mguu wa kusimamia. Hata zikilingana, waranti ya kiwandani ilianza kuhesabiwa kwa mnunuzi wa kwanza, siyo kwako. Miaka mitatu unayotajiwa ni ya muuzaji mwenyewe, na thamani yake ni ile ile ya maandishi atakayokupa.

Diski ndiko wizi mkubwa uliko, kwa hiyo hapa msifanye haraka. Beba flashi yenye Linux iliyokwisha kuwekewa programu za ukaguzi: smartmontools, ipmitool na sg3-utils. Dell unabonyeza F11 inapowaka ili kuchagua flashi. Usishangae ikichukua dakika kadhaa kabla ya kuonyesha kitu, seva huhesabu RAM yake kwanza. Kama diski ziko nyuma ya kadi ya PERC (kadi ya RAID ya Dell), andika:

sudo smartctl -a -d megaraid,0 /dev/sda

kisha badilisha 0 kwenda 1, 2 na kuendelea, maana kila diski ina namba yake. Kwa Smart Array, yaani kadi ya RAID ya HP, tumia cciss,0 badala ya megaraid,0. Kwenye diski ya SAS (aina ya diski za seva) tafuta mstari wa "Accumulated power on time", yaani saa ilizowaka. Ukiona 43800, gawa kwa 8760: hiyo diski imezunguka miaka mitano mfululizo. Shuka hadi "Elements in grown defect list", yaani sehemu za diski zilizoharibika. Sifuri ndiyo unayoitaka. Ikisoma 3 leo, irudie baada ya kuisoma diski nzima. Ikiwa imepanda, usiichukue hata kwa bure.

Na saa za kuwaka nazo huchezewa. Mwanzoni mwa 2025 ilibainika Ulaya kwamba diski za Seagate Exos zilizotumika zilikuwa zinauzwa kama mpya, hesabu ya SMART (rekodi ya afya ambayo diski hujiandikia) ikiwa imerudishwa sifuri. Kilichoziumbua ni daftari la pili la ndani liitwalo FARM, ambalo halikuguswa. Kwa Seagate, smartctl toleo la 7.4 na kuendelea inalisoma kwa "smartctl -l farm /dev/sda". SMART ikisema imewaka kwa saa 12 na FARM ikisema 20,000, umeshapata jibu.

Mtego mwingine ni diski za SAS zilizotolewa kwenye hifadhi za NetApp au EMC. Nyingi zimeumbizwa kwa sekta za baiti 520, hivyo kwenye seva ya kawaida zinaonekana kwa jina lakini hazitumiki. Zinarekebishika kwa "sg_format --format --size=512", ila kila moja inakula masaa, na umeme ukikatika katikati unaanza upya. Mwenye duka anajua. Ndiyo maana anakwambia "ziko sawa, fundi wako ataziweka".

Halafu hesabu trei kwa mkono. Picha ya mbele inaonyesha nafasi nane zimejaa, kumbe tatu ni diski na tano ni vifuniko vya plastiki vya kuziba hewa. Vuta kila kimoja.

Sasa jambo ambalo wengi hawaliangalii kabisa, na ndilo linalosema ukweli kuliko mdomo wa winga. Seva ina kumbukumbu ya matukio ya vifaa, nayo haifutiki kwa kuzima. Andika:

sudo modprobe -a ipmi_si ipmi_devintf
sudo ipmitool sel list

Itakutajia RAM iliyosahihisha makosa, feni iliyosimama, pawasapulai iliyokatika. Muuzaji mjanja huifuta. Lakini kufuta nako kunaandikwa: mstari wa kwanza utasoma "Log area reset/cleared", mara nyingi na tarehe. Kama tarehe hiyo ni ya jana jioni, muulize kwa upole alikuwa anafuta nini. Wenye iDRAC (kifaa cha ndani cha Dell cha kusimamia seva kwa mbali) wafungue pia Lifecycle Log, ambayo mara nyingi husahaulika wakati wa kusafisha.

Prosesa: tangazo linasema E5-2620, nawe unadhani ni v4, toleo la nne. Ile isiyo na "v" mwishoni ni ya 2012 yenye kori 6, v4 ni ya 2016 yenye kori 8. Amri ya lscpu inamaliza ubishi. Ikiandika "Genuine Intel CPU 0000", hiyo ni sampuli ya majaribio ya kiwandani, haikutakiwa kuuzwa. Angalia pia kama soketi ya pili ina prosesa. R730 ina nafasi 24 za RAM, 12 kwa kila prosesa, kwa hiyo ukiwa na moja, nusu ya nafasi ni mapambo. RDIMM na LRDIMM, aina mbili za RAM, hazichanganywi. RAM yenyewe iache kwenye memtest (programu ya kuipima) usiku kucha. Muuzaji akikataa usiku kucha, omba angalau mzunguko mmoja kamili.

Kadi ya RAID hubadilishwa kimyakimya. Seva ilitoka kiwandani na H730, wewe unakuta H330 isiyo na kashe (kumbukumbu ya muda ya kuharakisha uandishi). Linganisha na orodha ya Service Tag. Hata H730 halisi, betri yake ikifa inaacha kuandika kupitia kashe na kuanza kuandika moja kwa moja kwenye diski. Mfumo wa uhasibu unakuwa mzito na kila mtu analaumu programu. Betri mpya haina bei kubwa, lakini ipunguzwe kwenye bei ya seva.

Mambo madogo: reli za raki ziwepo, la sivyo utazitafuta kwa bei ya kukera. Pawasapulai ziwe mbili na zifanane wati. Chomoa moja seva ikiwaka, isizime. Nenosiri la iDRAC, au la iLO kwa HP, lirudishwe la kiwandani mbele yako. Kwa HP, kumbuka kwamba tangu 2014 vifurushi vya masasisho ya firmware (programu ya ndani ya vifaa) ya seva vinataka waranti hai au mkataba wa huduma. Kwa hiyo Gen9 ya bei chee inaweza kubaki na firmware iliyokuja nayo.

Kuhusu "Windows Server ya kudumu" inayotupiwa kama bonasi: leseni ya Standard huhesabiwa kwa kori, kima cha chini kori 16 kwa seva. Haiwezekani ikauzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Andika slmgr /dlv uone. Ikitaja KMS (mfumo wa kampuni wa kuwezesha leseni kwa pamoja), na ofisi yako haina seva ya KMS, ni ya wizi au ya kampuni nyingine.

Mpya au mtumba? Kama ni seva moja inayobeba mishahara au mfumo wa wagonjwa, na hamna fundi wa kuitwa usiku, nunueni mpya kwa wakala anayetambuliwa, waranti iandikwe jina lenu. Mtumba unafaa kwa chelezo, majaribio, au mnaponunua mbili zinazofanana ili moja iwe spea. Bei ya chini pia ina umeme nyuma yake: seva inayokula wati 200 muda wote ni uniti 144 za LUKU kwa mwezi, kabla ya kiyoyozi. R720 inaweza kuwa nafuu dukani na ghali kwenye mita.

Malipo. Usitume kianzio kwenye namba ya mtu binafsi ili "asiiuze kwa mwingine". Lipa kwa akaunti au Lipa Namba yenye jina la biashara, baada ya kuiwasha. Risiti ya EFD iandikwe modeli, Service Tag, neno "mpya" au "iliyotumika", na namba ya mfululizo ya kila diski. Neno "seva 1" peke yake halikusaidii popote. Muda wa kurudisha uandikwe kwa siku. Namba ya simu iliyotumika kukutapeli itume kwenda 15040 kama uko Tanzania, kisha nenda polisi na risiti, picha za tag na matokeo ya smartctl yaliyohifadhiwa kwenye ile ile flashi.