Miezi minane bila klachi

Kwa miaka kumi na tisa nimeendesha gari moja tu, Toyota 110 ya gia za mkono, nambari ya usajili inaanza na KA kama magari ya wazee wenzangu. Novemba iliyopita nililiuza, nikachukua Axio ya otomatiki ya mwaka 2015 ambayo mwenyewe wa kwanza aliitunza vizuri. Tangu hapo hakuna mtu kazini ambaye hajaniuliza kama nimejuta. Nikijibu "ndiyo na hapana" wanacheka, kwa hiyo acha nieleze kirefu mara moja tuachane na maswali.

Aliyeanzisha haya yote ni goti. Natoka Donholm, hapa Nairobi, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, nashika Jogoo Road, City Stadium, Haile Selassie, halafu napanda Valley Road kwenda Hurlingham. Kwa umbali si safari ya kumsimulia mtu. Lakini mvua ikinyesha, kutoka Hamza mpaka City Stadium peke yake unaweza kumaliza dakika arobaini, na dakika hizo zote ni kanyaga klachi, tia moja, achia kidogo, songa hatua tatu, kanyaga tena. Siku moja kwa kukosa la kufanya nikaanza kuhesabu. Nilipofika mia mbili kumi na kitu, makanga wa matatu iliyokuwa ubavuni akanigongea dirisha kuniambia tairi langu la nyuma limekaa chini, hesabu ikapotea. Na bado nilikuwa sijaiona Uhuru Highway.

Goti la kushoto lilipoanza kunikatalia ngazi nilienda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alilibonyeza huku na huku, akaniuliza, "Mzee, gari lako lina klachi?" Nilijisikia kama mtu aliyeulizwa kama anavuta sigara.

Sasa, wiki ya kwanza na otomatiki. Sitaficha: nilikuwa hatari barabarani. Siku ya pili nakaribia mzunguko, nataka kupunguza mwendo na kushusha gia kama nilivyozoea, na mguu wa kushoto bila kuniomba ruhusa ukaenda kutafuta klachi. Kwenye otomatiki pedali ni mbili tu, na ya breki ni pana. Mguu ukaiangukia breki kwa nguvu ileile ya kukanyagia klachi hadi sakafuni. Gari likasimama kama limegonga ukuta. Mkoba wa mke wangu ukaruka, chupa ya chai ikabingirika mpaka miguuni pangu, na matatu ya nyuma ikapiga honi ndefu ambayo naamini ilikuwa na matusi ndani yake. Mama Mueni hakupiga kelele. Aliokota chupa, akaipangusa, akakaza mkanda wake, ndipo akaniuliza kwa upole, "Baba Mueni, nishuke?"

Dawa niliyoipata ni hii, na unayehama kutoka gia za mkono unaweza kuiiba: kwa wiki tatu nilivua kiatu cha kushoto kabla ya kuwasha gari. Mguu uliovaa kiatu hudhani uko kazini. Ulio peku unatulia pale pembeni, na kila unapotaka kujitia ushujaa, baridi ya sakafu inaukumbusha kwamba umepewa likizo. Mguu wa kulia ndio ufanye kazi zote mbili, mafuta na breki. Anayetumia miguu miwili kwenye otomatiki anajitafutia ajali.

Baada ya hapo, Jogoo Road ikawa barabara nyingine. Ukiachia breki gari lenyewe linatambaa taratibu, ukigusa breki linasimama. Basi. Nasikiliza taarifa ya habari mwanzo hadi mwisho, kitu ambacho sikuwahi kukifanya ndani ya 110. Mwezi wa pili nilipanda ngazi za ofisi orofa tatu nikafika juu ndipo nikakumbuka kwamba zamani nilikuwa nashikilia ukuta. Na jioni nikifika nyumbani ninaongea. Mke wangu ndiye aliyegundua hilo, si mimi.

Mpando wa Valley Road nao unastahili aya yake. Kwenye gia za mkono, magari yakisimama pale juu, unakuwa na njia mbili: handbreki, au kubalansi. Wengi wetu tulikuwa tunabalansi kwa kujionyesha. Unashikilia gari kwa nusu klachi na mafuta kidogo, halirudi nyuma wala haliendi mbele, na bodaboda iliyojibandika nyuma yako haijui kwamba maisha yake yako kwenye vidole vyako vya mguu. Raha yake siwezi kuikana. Gharama yake ni ile harufu, kama nywele na mpira vimechomwa pamoja, ambayo ni sahani ya klachi inayoisha. Nimebadilisha klachi mara nne katika miaka yote hiyo. Ya mwisho nilinunua spea Kirinyaga Road, pale ambapo wengine bado tunapaita Grogan, na pamoja na kazi ya fundi nililipa shilingi 11,500. Ukijumlisha na siku mbili za kupanda matatu, kule kujionyesha si bure.

Kwa otomatiki, mpando ni kuhamisha mguu kutoka breki kwenda kwenye mafuta. Pakiwa pamesimama sana, navuta handbreki kwanza, maana nalo linaweza kurudi kidogo. Mtu asikudanganye kwamba halirudi.

Hapa nilipo natakiwa kusema pia yasiyonipendeza, na mengi yanahusu aina hii ya giaboksi kuliko gari lenyewe. CVT, ndiyo giaboksi ya otomatiki iliyomo kwenye Axio hii, haina gia kwa maana tuliyofunzwa. Ndani kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya kapi mbili, na kapi hizo hupanuka na kubana ili kubadilisha uwiano wa mwendo. Kwa hiyo husikii gia zikibadilika. Kwenye 110 nilikuwa najua mwendo kwa masikio. Nikisikia injini inalalamika najua ni saa ya kutia tatu, sikuhitaji kuangalia dashibodi. Hii ya sasa inanguruma kwa sauti moja kama jokofu. Kulipita lori kule juu Limuru, zamani nilishusha gia, nikakanyaga, nikapita. Sasa nakanyaga, injini inapiga kelele kwanza, halafu kasi inakuja baadaye. Ni kama kumtuma mtoto dukani: atakwenda, lakini ana njia zake. Nimejifunza kuanza kumtuma mapema, au kukaa nyuma ya lori nikatulia.

Na kuna mteremko wa Mai Mahiu. Kwa 110 nilikuwa natia tatu pale juu, kwenye kona kali natia mbili, injini inalizuia gari yenyewe, na breki naigusa tu. Mara ya kwanza na Axio, Desemba, tukienda Naivasha, niliteremka na D, ile nafasi ya kawaida ya kwenda mbele, kana kwamba niko Outering. Tulipofika karibu na lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano mwaka 1942, breki zilikuwa zinanuka. Tukaegesha, tukanunua mahindi ya kuchoma ambayo hakuna aliyeyataka, tukangoja zipoe. Kosa lilikuwa langu. Hata otomatiki ina nafasi ya mwendo wa chini ya kuteremkia, ni kusogeza tu mkono wa gia kabla mteremko haujaanza, injini nayo ikasaidia kushikilia. Lakini nadhani wengi waliojifunza kwa otomatiki tangu mwanzo hawajawahi kuigusa. Na wale wa kutia N eti mafuta yasiishe, yaani kuachia fri, sijui niwaambie nini. Gari likiwa N injini hailishikilii tena, umebaki wewe na breki zako.

Jambo la mafuta ya giaboksi lichukulie kwa uzito. CVT ina mafuta yake maalumu, yameandikwa kwenye kijitabu cha gari. Fundi mmoja wa mtaani alitaka kunijazia yale ya otomatiki za kawaida, akasema "yote ni mekundu, mzee, ni jina tu." Nilifunga boneti nikamshukuru. Na 110 ungeweza kumpa fundi yeyote aliyekaa chini ya mti na spana tatu. Hii inataka fundi anayesoma.

Kingine, betri ikifa imekufa. Mwaka 2018 110 ilinizimikia karibu na Gikomba saa moja jioni. Vijana wawili wa mkokoteni walisukuma, nikatia gia ya pili, nikaachia klachi ghafla, gari likakohoa likawaka. Nikawapa mia mbili, tukaagana. Otomatiki husukumi ikawaka, hata walete mtaa mzima. Siku hizi natembea na waya za kuunganisha betri kwenye buti, na kila nikiziona nahisi kama nabeba mkongojo.

Kwa hiyo ukiniuliza: kama unapita Jogoo Road, Mombasa Road au Ngong Road kila siku ya Mungu, nunua otomatiki bila kujishauri. Kama kazi yako ni mizigo na barabara za vumbi mbali na mafundi, baki na klachi yako. Mafuta hayajanipa sababu ya kuchagua upande. Mjini hii inazidi 110 kidogo kwa kula, barabara kuu inapungua kidogo.

Kuliuza lile la zamani ndiko kulikonichosha. Dalali wa kwanza alilizunguka mara moja akasema, "Ni la gia? Nani atalitaka?" Na hakuwa mwongo. Wajapani wenyewe kwa magari madogo wameacha gia za mkono karibu kabisa, na sisi tunanunua wanachoacha wao. Vijana wengi wanachukua leseni ya otomatiki tu. Binti yangu Mueni ni mmoja wao. Yeye tulimtoa hospitalini kwa 110 hiyohiyo, amefungwa kwenye blanketi la njano, nikiendesha kwa gia ya pili njia nzima. Nilipojaribu kumfundisha, alizimisha mara nne getini, akatoka, akanirudishia ufunguo: "Baba, mimi nitangoja uuze."

Mwingine alitaka injini peke yake. Akanieleza bila haya jinsi atakavyouza milango huku na viti kule. Nilimwambia sijachinja.

Aliyelichukua ni kijana wa Kayole anayesambaza mayai madukani. Sababu yake ilikuwa wazi: bei, na kwamba hakuna fundi asiyelijua. Kilichonifurahisha ni kwamba alipolijaribu alishusha vioo vyote na kuzima redio. Alikuwa anasikiliza. Nilitaka 380,000, tukamalizia 320,000, na sikuona uchungu sana. Uhamisho wa umiliki tuliufanya tumekaa kwenye kibanda cha chai: muuzaji ndiye anayeanzisha kwenye akaunti yake ya eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, mnunuzi anakubali kwenye yake. Usimpe mtu ufunguo na gari bado lina jina lako. Akigonga mtu, wewe ndiye utakayetafutwa.

Kabla hajaondoka nilitoa vitu kwenye kisanduku cha mbele: risiti za maegesho zilizofifia, soksi moja ya mtoto, tochi iliyovuja betri. Nikamweleza kuhusu mshale wa mafuta unaokwama kwenye robo, kioo cha dereva kinachotaka kusaidiwa na kiganja, na maji ya rejeta kila asubuhi. Aliandika yote kwenye simu. Nikaliangalia likikunja kona ya mtaa, akitia mbili mapema kidogo kuliko ambavyo ningetia mimi.

Wiki tatu baadaye akanipigia. Nyuma yake nasikia honi.

"Mzee, samahani. Niko Wakulima, nimeziba watu. Rivasi imekataa kabisa, inakwaruza tu."

Hilo nilisahau kumwambia. Kwa miaka kumi na tisa nimelifanya bila kulifikiria, mpaka sikujua ni kitu cha kuambiwa mtu. "Usilazimishe," nikamwambia. "Kanyaga klachi mpaka chini. Usiachie. Tia mbili kwanza, halafu toa, ndio utie rivasi."

Akanyamaza. Nikasikia mkwaruzo mdogo, mtu akimtukana, halafu ule mgoto mzito wa chuma kuingia mahali pake.

"Imeingia!" akasema, akakata simu bila kuaga. Nilikuwa mezani, na mguu wangu wa kushoto ulikuwa umekanyaga zulia mpaka mwisho.