Sherehe ya usiku mrefu, Nyali: kijiti kimoja kilinirudishia pesa zangu

Shilingi 2,500 kila mtu, alfajiri mpaka adhuhuri, chakula ndani. Tangazo lilisema tutaaga usiku mrefu kuliko zote za mwaka, nikamchukua mamangu. Jumamosi ya tarehe 21 Juni 2025, saa kumi na moja na nusu, tulikuwa ufuoni Nyali. Wenye shughuli walitokea saa kumi na mbili na dakika kumi, mbingu ishaanza kuwa nyekundu. Nyota moja niliifuta hapo hapo.

Halafu wakatoa mishumaa. Ufuoni, kipupwe hiki, kusi limekaza! Kibiriti kizima kiliishia mkononi mwa kijana wa watu. Wakaleta gogo la kuchoma, desturi ya watu wa kaskazini mwa Ulaya, nalo halikushika mpaka likamwagiwa mafuta ya taa, moshi wote ukatujia mkekani. Na matawi ya mvinje yamebandikwa pamba, ati theluji. Mamangu akajiziba pua kwa leso: "Mwanangu, umelipa ili tufukizwe?"

Kwa hesabu hawakukosea, nisiwaonee. Wazungu wanaadhimisha siku yao Desemba, lakini Mombasa tuko kusini mwa ikweta, digrii nne hivi, kwa hivyo usiku wetu mrefu huangukia Juni. Ila urefu wenyewe! Usiku unaupita mchana kwa robo saa, tena haitimii. Hakuna giza la kuliwashia gogo.

Mahamri yalikuwa baridi. Mbaazi sina neno nazo, tui zito, nilirudia mara mbili.

Sasa kilichonifanya niandike. Walimkodi mzee mmoja mvuvi, na asubuhi nzima alikaa kimya. Ilipokaribia saa sita akasimika fito ya mkandaa mchangani, akaanza kuweka kauri kwenye ncha ya kivuli, moja baada ya nyingine. Kivuli kilikuwa kikifupika, kauri zikisogea pole pole. "Pima, mwanangu," akaniambia. Fito shibiri sita, kivuli shibiri tatu na kidole, kimelala kuelekea kusini. Nimezaliwa mji huu na sikuwahi kuangalia kivuli changu cha Juni kinaangukia wapi. Ilipofika saa sita na dakika ishirini na kitu, kauri mbili zikakaa karibu pamoja, ya tatu ikatoka nje. Kivuli kimeanza kurefuka. Hatukumaliza kushangaa adhana ya adhuhuri ikasikika.

"Jua limefika mwisho wake wa kaskazini," akasema mzee, "sasa linarudi." Akatuhesabia mwaka wa mabaharia kwa vidole: miongo thelathini na sita, kila mwongo siku kumi, na siku tano za ziada. Hesabu hiyo haina mwaka mrefu, kwa hivyo kila miaka minne Nairuzi, siku ya kwanza ya mwaka huo, hurudi nyuma siku moja. Mamangu, aliyekuwa amenuna tangu moshi, akasogea akaanza kumweleza walivyokuwa wakienda kuoga mwaka baharini utotoni, nguo zikiwagandia mwilini mpaka nyumbani. Wakaongea hao! Mimi nikabaki kushika fito.

Nyota tatu, zote za mzee na mbaazi. Niliuliza kama mwakani naweza kumlipia mzee peke yake. Wakasema haiuzwi nusu nusu, ni pamoja na mishumaa.