TAHADHARI: "Gemu" za watoto ambazo ndani ni katuni tu

Wazazi na wapenzi wa gemu za zamani, kuna muuzaji mtandaoni anauza diski za PlayStation 2 za watoto. Maelezo yake hayabadiliki: "Gemu ya mpira ya wanyama, wachezaji wawili, kama mpya." Kwenye kava simba anapiga tikitaka. Ukituma hela, diski inafika kweli, tena safi haina mkwaruzo. Hapo ndipo anapokupatia, maana huwezi kusema hukuletewa mzigo.

Tulipoiweka, ikaanza katuni. Tukasubiri iishe mechi ianze. Sauti ni ya mtu mmoja, anaigiza simba, anaigiza panya, na midomo ya wanyama inaendelea kuchezacheza hata akishanyamaza. Ilipoisha ikaturudisha kwenye menyu: kupanga vipande vya picha, kupaka rangi, basi. Mpira wa kucheza haumo. Pedi ya pili haina kazi. Mwanangu akabaki anauliza timu tunachagua wapi.

Diski zenyewe si feki. Ulaya zilitoka nyingi za namna hii miaka ya 2000: wachapishaji wa gemu za bei rahisi walichukua katuni za bajeti ndogo zilizokwisha tengenezwa, wakapachika vimichezo viwili vitatu, wakauza kama gemu. Na alama ya PEGI 3 isikupe moyo, ile inahusu umri wa mtoto, haisemi kama gemu ina maana. Lakini hayo ya "wachezaji wawili" kayaongeza huyu muuzaji mwenyewe.

Kabla ya kulipa, mwambie akutumie picha ya nyuma ya kava, maana yeye huonyesha mbele tu. Huko nyuma huandikwa idadi ya wachezaji, na kuna picha za ndani ya gemu. Ukiona zote ni za hadithi, hakuna hata moja yenye magoli au dakika za mechi, achana naye. Halafu hizi ni diski za PAL, yaani zilizotengenezwa kwa mashine za soko la Ulaya. Kwenye PS2 ya Marekani au Japani ambayo haijachokonolewa ili isome diski za nje hazisomi, naye anauzia yeyote bila kuuliza una mashine gani.

Nilipodai hela yangu alinijibu, "Si mtoto ameangalia?" Kisha akanibloku. Jina la akaunti anabadilisha kila mara, ila picha zake zote bado anazipiga juu ya kitambaa kilekile cha maua mekundu.