Mshauri asiyekushauri, Moshi

Jamani nimemaliza wiki ya sita kwa mshauri mmoja wa kisaikolojia hapa Moshi, kachumba kadogo juu ya duka la vitenge maeneo ya Mbuyuni. Siku ya kwanza nilitoka nimenuna, elfu thelathini yangu halafu sijaambiwa cha kufanya! Si nimezoea mashangazi, hujamaliza kuongea hukumu ishatoka. Huyu dada ye anasikiliza tu kisha anakurudishia, "kwa hiyo matanga yameisha ila wewe bado uko msibani", hapo nikalia mpaka tishu zikaisha akaenda kuleta toilet pepa, tukacheka wote.

Kumbe ndo mtindo wenyewe, ulianzishwa na mwanasaikolojia Carl Rogers wa Marekani miaka ya 1940, kwamba mteja ndo anajua panapomuuma, mshauri kazi yake akuelewe, akupokee ulivyo bila masharti na asijifanye. Hiyo ya kutojifanya ndo imenikamata, kuna siku aliniambia wazi "hapo umeniacha, hebu rudia".

Kasoro ni cherehani za chini, zinapiga kelele balaa hasa jioni. Na kama unataka mtu wa kukupangia la kufanya, huyu atakuudhi. Nyota nne.