Misimu mitatu nalipia uanachama wa klabu, kombe halimo kwenye boksi. Nyota mbili

Wadau, hii ni rivyu ya kifurushi cha uanachama rasmi wa klabu ninayoshabikia. Klabu yenyewe naiacha bila jina maana nikiitaja tu hapa patageuka ligi ya matusi, na kiukweli hata ukiweka jina la timu yako maelezo yatakaa vilevile. Nimelipia misimu mitatu mfululizo kwahiyo siongei kwa kusikia.

Nianze na mazuri, mtu asiseme nina chuki. Boksi linakuja limefungwa vizuri kuliko simu mpya. Ndani unakuta kadi yenye jina lako (msimu wa pili walikosea herufi moja ya kwangu, nikaandika barua pepe, wakajibu ndani ya dakika kumi, wana spidi balaa kwenye shida ambazo haziwagharimu kitu), kuna skafu, kuna beji ndogo ya kuvaa kifuani, na kuna barua ya mwenyekiti inayosema sisi mashabiki ndo roho ya klabu. Ukipitisha kidole kwenye saini hukuti wino, imechapwa na mashine. Barua ya msimu wa kwanza na ya msimu wa tatu nimeziweka mezani nikazisoma mstari kwa mstari kama mtu anasahihisha mtihani, kilichobadilika ni mwaka na rangi ya jezi ya ugenini basi. Neno "safari" limo mara tano. Neno "ubingwa" halimo.

Apu iko poa, haigandi. Ina video za mazoezini, wachezaji wanapigana kanzu wanacheka, na juu kabisa kuna saa inayohesabu siku zilizobaki jezi ya tatu itoke, yani sa hivi tuna jezi tatu kila msimu na makombe sifuri. Matokeo ya mechi huwa yanachelewa kuingia ila punguzo la dukani halijawahi kuchelewa. Kuna siku tumepigwa nne bila nyumbani kwetu, refa kapuliza kipenga cha mwisho hata hajaokota mpira, simu ikatetemeka: wanachama, asilimia 20 imeshuka, leo tu. Nikaizima nikalala nayo imezimwa.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Siku ya mwisho ya dirisha la usajili. Straika wetu tulikuwa tumemuuza wiki mbili nyuma, kila mtu anaona hatuna mtu wa kutupia nyavuni, kocha mwenyewe akihojiwa anaongea kwa mafumbo kama mtu aliyekatazwa. Nimekaa macho mpaka usiku wa manane nasukuma skrini chini juu, chini juu. Ikaingia barua pepe ya klabu, kichwa cha habari "Tuna furaha kumkaribisha kwenye familia yetu..." na jina limekatwa kwasababu ni refu. Nimeifungua mkono unatetemeka jamani. Picha ya kwanza jezi yetu, nikasema haya sasa. Nikashuka chini nikakuta godoro. Mshirika rasmi wa magodoro wa klabu. Nahodha wetu kalala juu yake na njumu miguuni anatabasamu, na mi nimeiangalia ile picha dakika nzima namtafuta straika, labda kasimama nyuma ya mto.

Asubuhi nikawaandikia kistaarabu kabisa, naomba kujua hela ya straika imeenda wapi. Ile huduma ya dakika kumi safari hii imechukua siku kumi na moja, na jibu linanishukuru kwa mapenzi yangu kwa klabu halafu linanikaribisha kutembelea makumbusho ya uwanja. Makumbusho! Yani makombe nikayaone kule yaliko na vumbi lake.

Nilichochelewa kukielewa ni kwamba klabu yetu haifeli. Inafanya vizuri sana kazi yake, mi ndo nilikuwa nadhani kazi yake ni kushinda. Kaa chini upige hesabu kama mfanyabiashara: kwenye ligi kubwa za Ulaya ukimaliza nafasi ya nne unaingia Ligi ya Mabingwa, hela ya televisheni unapata, wadhamini wanatulia, uwanja umejaa. Kutoka wa nne kwenda wa kwanza unahitaji straika, kiungo na mabeki wawili, mamilioni kibao yanatoka na uhakika hamna, mguu mmoja ukivunjika mwezi wa pili yote yamekwenda. Kubaki wa nne hakuhitaji ujasiri wowote. Wenger, kocha wa Arsenal enzi hizo, mwaka 2012 alisema kumaliza ndani ya nne bora kwake ni kama kombe, watu wakamcheka miaka na miaka, lakini yule mzee alikuwa na deni la uwanja mpya linamwangalia na ndo hesabu aliyopewa aitetee. Mwaka huohuo Arsenal wakamuuza Van Persie, nahodha na mfungaji bora wa ligi, tena kwa Manchester United, na Aprili 2013 jamaa akapiga hat-triki, mabao matatu peke yake, dhidi ya Aston Villa na United wakabeba ubingwa. Hela ya usajili iliingia kwenye vitabu bila shida. Halafu 2016 tajiri wao Kroenke akasema hadharani kwamba kama lengo lako ni ubingwa tu basi usingeingia kabisa kwenye biashara hii. Wengi walikasirika, mi nampa nyota moja ya ziada kwa ukweli, mwenyekiti wetu hawezi kusema hivyo hata umtie pilipili.

Mtu atanijibu mbona fulani ananunua wachezaji ghali kila mwaka na bado watu wanalia. Sawa, angalia United yenyewe. Familia ya Glazer iliichukua 2005 kwa pauni milioni 790 hivi, sehemu kubwa mkopo, na mkopo wakaubebesha klabu ambayo kabla yao haikuwa na deni. Yani unanunua ng'ombe kwa mkopo, maziwa ya ng'ombe ndo yalipe mkopo, na wewe ukitaka glasi yako unakunywa, akikonda unafukuza mchungaji. Wachungaji wamefukuzwa wangapi pale tangu kocha Ferguson aondoke 2013, nani anahesabu tena. Na tuwe wakweli, chini ya haohao Glazer walibeba ubingwa mara tano na Ligi ya Mabingwa 2008, kwahiyo kwa miaka minane mzee Ferguson aliziba ufa kwa mwili wake mwenyewe na matajiri wakaamini nyumba ni nzima. Hela za wachezaji zilitoka ndio, ila ukinunua kwa pupa jina linalouza jezi badala ya mtu anayekaba, hiyo nayo ni dukani tu hatujatoka.

Kinachoniuma zaidi kwenye hii huduma ni kwamba mteja hana pa kuhamia. Sabuni isipotoa povu kesho unachukua nyingine, hakuna atakayekuita msaliti. Timu je? Mi nilichaguliwa na marehemu baba nikiwa sijui hata ofsaidi ni nini, nihamie wapi? Na tajiri analijua hilo vizuri kuliko mimi. Mike Ashley aliimiliki Newcastle toka 2007 mpaka 2021, 2011 akaubatiza uwanja wao jina la maduka yake, watu wakapiga kelele na wengi bado wakaenda uwanjani, mwisho akauza kwa pauni milioni 305 na kuondoka zake. Wale watu kombe la nyumbani walikuwa hawajalishika toka 1955, wakalipata Machi 2025 walipoifunga Liverpool 2-1 fainali ya Kombe la Ligi, wazee wazima wanalia kama watoto. (Hao wamiliki wapya nao wana maswali yao mazito, ila siyo ya rivyu hii.)

Kuna jamaa mmoja tunaangalia naye mechi ananiambia dawa ni kugoma. Inafanya kazi, siwezi kukataa. Februari 2016 Liverpool walitangaza tiketi ya pauni 77, mashabiki dakika ya 77 wakanyanyuka maelfu wakatoka nje, timu ilikuwa inaongoza 2-0 dhidi ya Sunderland ikaisha 2-2, siku chache baadae wamiliki wakaomba radhi bei ikarudi. Ujerumani mapema 2024 watu walitupa mipira ya tenisi uwanjani wiki baada ya wiki mpaka ligi ikaachana na mpango wa kuleta mwekezaji. Ile Super League ya vilabu 12 vikubwa vya Ulaya vilivyotaka ligi yao wenyewe, Aprili 2021, haikumaliza hata siku tatu. Lakini angalia kilichopatikana ni nini: bei imeshuka, mwekezaji kaondoka, ligi ya matajiri imekufa. Mgomo unazuia, sijaona mgomo uliosajili straika. Hata ile sheria ya Wajerumani ya 50+1 inayowapa wanachama kura nyingi, naipenda sana, ila Bayern walibeba mara 11 mfululizo hapohapo, na waliokuja kuwavunja 2024 ni Leverkusen ambao wanamilikiwa na kampuni na sheria iliwapa msamaha. Mpira una kejeli zake.

Basi alama zangu. Boksi nyota nne, skafu haijachuja hata baada ya kufuliwa mara nyingi. Apu tatu. Huduma kwa wateja inategemea umeuliza nini. Barua ya mwenyekiti sifuri, karatasi ni nzuri lakini. Kwa ujumla mbili, na ya pili ni kwa ajili ya wale madogo wa akademi wanaokimbia dakika tisini kama hawajaambiwa.

Jana nikaingia kusitisha kabla hawajakata ya msimu ujao. Kitufe wamekificha chini kabisa, rangi ya kijivu juu ya kijivu. Nikabonyeza, ukaja ukurasa unauliza sababu, na machaguo ni manne: bei ni kubwa, nimehama makazi, situmii faida za uanachama, nyingine. Nikachagua nyingine, nikaandika "hatutaki kushinda". Ikaniambia majibu yasipungue herufi hamsini. Nikakaa nafikiria niongeze nini, maana yangu yalikuwa yameisha, na wakati nafikiria ukurasa ukajifunga wenyewe ukanirudisha mwanzo, pale kwenye saa ya jezi ya tatu. Zimebaki siku nne. Sijajaribu tena mpaka muda huu ninaoandika, na hela wanakata kesho.