Darubini ya 8x42 kwa ndege wekundu wa Arusha na Moshi

Kabla ya kuuliza bei, tazama rangi ya kioo cha mbele. Darubini nyingi za bei rahisi zina lenzi zinazong'aa wekundu wa damu, na muuzaji hukuambia hiyo ndiyo ya kitaalamu. Kwa anayetafuta ndege wekundu, hiyo ni hasara tupu. Wekundu unaouona pale ni mwanga mwekundu uliorudishwa nje; haufiki jichoni. Picha ya ndani inabaki na ukijani, na dume la kweche, ndege mdogo mla mbegu, linalowaka kama kaa kwenye mpunga wa Moshi linafifia na kuwa kahawia. Kioo kizuri ukikiinamisha hung'aa kijani au zambarau hafifu.

Sasa namba. 8 ni ukuzaji, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa 42 kwa 8, unapata milimita 5.25, yaani upana wa mwale unaoingia jichoni. Darubini ya mfukoni ya 10x25 inakupa 2.5 tu. Mchana wa jua kali kule kwenye maziwa ya Momella, katika Hifadhi ya Arusha, hutaona tofauti kubwa, kwa kuwa mboni imesinyaa. Alfajiri, au ndani ya msitu wa Ngurdoto, mboni hupanuka na kuhitaji mwale mpana, na katika giza jicho hupoteza nyekundu mapema: chekundu kinakuwa cheusi. Shorobo wa huko, Tauraco hartlaubi, akitulia tawini ni kijani na buluu iliyokolea. Wekundu wake mwingi umefichwa kwenye mabawa na hujitokeza akiruka, kwa sekunde chache. Hapo 8x inaipita 10x: inaonyesha eneo pana zaidi, na mtetemo wa mikono hauonekani sana.

Kweche ndio mtihani hasa. Euplectes hordeaceus ana utosi mwekundu na mabawa meusi. Euplectes orix ana paji jeusi na mabawa ya kahawia. Kama lenzi inachora ukingo wa zambarau kuzunguka ndege, utosi huo hutausoma. Ipime dukani kwa kulenga waya wa umeme dhidi ya anga jeupe. Majike, na madume nje ya msimu wa kuzaliana, wana michirizi ya kahawia kama shomoro. Darubini yoyote haitakusaidia kuwaona wekundu.

Pima pia umbali wa karibu. Lagonosticta senegala, yule mdogo wa sentimita 10 anayedonoa mbegu uani, hukusogelea sana. Darubini isiyoona vizuri kwenye mita 2 itakulazimisha urudi nyuma. Jike lake ni kahawia, lakini lina mdomo wenye wekundu na doa dogo jekundu mbele ya jicho.

Wengi huilaumu darubini nzima kumbe hawajairekebisha. Funika lenzi ya kulia, lenga kitu cha mbali, zungusha gurudumu la kati mpaka jicho la kushoto lione wazi. Kisha funika ya kushoto, ulenge kitu kilekile, na uzungushe peke yake ringi iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia. Ukiruka hatua hii, kichwa kitauma baada ya nusu saa.

Uzito wa karibu gramu 700 utamchosha anayepanda Kilimanjaro, lakini abebe tu. Juu ya msitu, kwenye mimea mirefu ya lobelia, chozi Nectarinia johnstoni ana vishungi vyekundu pembeni mwa kifua, na mara nyingi huwa amevikunja.